Nani Anaiona Fedha Yetu Mapema?

Mada yetu leo ni fedha za umma zinapowekezwa: nani anazitazama, anazitazama lini, na akiona kasoro inatusaidia nini sisi tuliozitoa.

Nianze na maji, maana hakuna kinachozifunga pamoja wilaya zetu hizi mbili, Handeni na Korogwe, kama maji. Maji ya Handeni huanzia Korogwe. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ilijenga ule mradi ambao mpaka leo tunauita HTM, yaani bomba kuu la Handeni. Maji yanavutwa kutoka Mto Pangani, katika kijiji cha Tabora wilayani Korogwe, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kwa pampu, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ukavu wa Handeni, ambako ukichimba kisima unaweza kupata maji ya chumvi, na pengine usipate kitu. Kwa wakati ule ulikuwa uwekezaji mkubwa na wa busara. Aliyeubuni aliona mbali.

Kilichofuata kila aliyekulia Handeni anakijua. Watu waliongezeka, vijiji vikakua, bomba likabaki lilelile. Pampu zikachoka. Mabomba yakaanza kupasuka, leo hapa, kesho pale. Kiangazi kikikaza, madumu ya njano yanapangwa foleni tangu kabla ya alfajiri, mtoto wa shule anachelewa darasani kwa sababu analinda nafasi ya mama yake, na bodaboda zinapita zimefungwa madumu pande zote mbili huku bei ya dumu moja ikipanda kadiri jua linavyozidi. Haya hayakutokea kwa siku moja. Yalichukua miongo. Na katika miongo hiyo hesabu zilifungwa kila mwaka na wakaguzi walikuja na kuondoka. Vitabu viliweza kusema fedha ngapi zimetoka na stakabadhi iko wapi. Kwamba mali yenyewe inakufa taratibu, hilo aliliona kwanza mwanamke mwenye ndoo, na hapakuwa na kitabu cha kuandika alichokiona.

Sasa tumeanza upya, na safari hii kwa fedha nyingi zaidi. Juni 6, 2022, Ikulu ya Chamwino, mikataba ya miradi ya maji ya miji 28 ilitiwa saini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Fedha zake ni mkopo wa dola milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na katika orodha ya miji hiyo zimo Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani. Narudia: ni mkopo. Utalipwa na kila anayenunua sabuni dukani, anayejaza mafuta kwenye pikipiki, anayetuma fedha kwa simu. Utalipwa maji yakitoka na utalipwa yasipotoka. Kwa hiyo suala la usimamizi tusiliachie wahasibu peke yao. Mkopeshaji atadai chake kwa tarehe, na sisi nasi tunapaswa kujua tarehe zetu za kudai.

Nisieleweke vibaya. Nchi hii haina upungufu wa wasimamizi. Katiba, ibara ya 143, inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa meno. Bunge lina PAC kwa hesabu za Serikali Kuu, lina LAAC kwa halmashauri zetu, na lina PIC, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma. Yuko Msajili wa Hazina, anayeshika hisa za Serikali katika mashirika. Iko TAKUKURU, iko EWURA kwa upande wa maji, wako wakaguzi wa ndani katika kila halmashauri. Hata Mwenge wa Uhuru unapopita kwetu kila mwaka hukagua miradi, na mara kadhaa viongozi wake wamekataa kuweka jiwe la msingi au kuzindua mradi baada ya kuona nyaraka na jengo haviafikiani.

Tatizo ninalotaka tulitazame jioni hii ni saa wanayofika. Chukua kalenda tuhesabu pamoja. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Halmashauri ina miezi mitatu ya kufunga hesabu, hadi Septemba 30. Mkaguzi anafanya kazi yake, na kufikia Machi 31 anamkabidhi Rais ripoti. Aprili inawekwa mezani bungeni, magazeti yanaandika, redio tunasoma. Kisha kamati zinaita watendaji kuwahoji, na mjadala wenyewe wa Bunge huja miezi mingi baadaye. Maana yake, shilingi iliyopotea Julai 2024 hapa Korogwe, mwananchi wa kawaida anakutana nayo kwenye ripoti Aprili 2026. Karibu miaka miwili! Kwa muda huo mkandarasi ameshahama, mkurugenzi amehamishiwa mkoa mwingine, mweka hazina amestaafu, saruji iliyopunguzwa imeshakauka ndani ya ukuta. CAG anafanya kazi yake vizuri kwa kadiri sheria ilivyompangia. Lakini alipangiwa kuja mwisho.

Kuna jambo jingine linalotuchanganya. Halmashauri ikipata hati inayoridhisha kutoka kwa CAG, mabango yanatundikwa na madiwani wanapongezana. Ni sifa nzuri, inastahili pongezi. Hati hiyo inasema kwamba hesabu zilivyoandikwa zinaonyesha ukweli wa fedha ilivyopokelewa na kutumika. Haisemi kwamba zahanati iliyojengwa ina dawa, wala kwamba kisima kilichochimbwa kinatoa maji. CAG anao ukaguzi wa ufanisi, unaouliza maswali hayo, lakini huchagua maeneo machache kila mwaka. Hauwezi kufika kila kijiji cha Kwamatuku na Bungu. Kwa hiyo inawezekana kabisa halmashauri ikawa na hati safi na mabomba makavu kwa wakati mmoja, bila mtu yeyote kusema uongo.

Tutoke kidogo nje ya wilaya zetu, maana fedha zetu nazo hutoka. Mfanyakazi wa shamba la mkonge hapa Ngombezi, mwalimu wa sekondari binafsi, dereva wa kampuni ya mabasi, wote wanakatwa michango ya NSSF. Mfuko huo ulizaliwa 1964 kama Akiba ya Wafanyakazi, NPF, ukawa NSSF mwaka 1997. Michango ikishafika kule, mfuko lazima uiwekeze, la sivyo thamani yake itaota mbawa kabla mchangiaji hajafikisha umri. Hilo sina ugomvi nalo. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za NSSF kwa asilimia 60 na Serikali asilimia 40, na kila siku linavusha watu. Kiwanda cha sukari cha Mkulazi kule Mbigiri, Morogoro, ambacho NSSF ina sehemu kubwa mno ya umiliki na Jeshi la Magereza sehemu ndogo, kilizinduliwa Agosti 2024. Hivyo unaweza kuvitazama kwa macho.

Lakini vilevile unaweza kuitazama Dege, ng'ambo ya Kigamboni. Ulikuwa mpango wa kujenga nyumba zaidi ya 7,000, kwa ubia kati ya NSSF na mwekezaji binafsi ambaye mtaji wake kwa sehemu ulikuwa ardhi. CAG alipokagua alihoji thamani ya ardhi hiyo, iliyofikia karibu shilingi milioni 800 kwa ekari moja. Ujenzi ulisimama 2016. Magorofa yakabaki mifupa, yakinyeshewa mvua, mwaka baada ya mwaka. Tafakari: swali la bei ya ekari lilikuwa swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja angeliuliza kabla ya kusaini. Liliulizwa na mkaguzi, kwa usahihi na kwa ujasiri, baada ya fedha kutoka. Mkata mkonge wa Magoma, ambaye jasho lake lilikuwa ndani ya zile nguzo za zege, hakuulizwa mwanzo wala mwisho.

Pana ugumu mwingine katika mifuko hii: anayeisimamia ndiye pia anayeikopa. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza 2007, kilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii, na ripoti za ukaguzi zilirudia mara nyingi kwamba Serikali inachelewa kurejesha. Mwaka 2018 mifuko iliyokuwa ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF, na mwishoni mwa 2021 Serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipa deni la zamani la michango. Ilikuwa hatua ya kiungwana na nadhani tuitambue. Hata hivyo mdai na mdaiwa wanapokaa meza moja, mtu wa tatu anahitajika chumbani. Benki Kuu inatoa miongozo inayoweka ukomo wa kila aina ya uwekezaji wa mifuko, nayo ni kinga nzuri. Mimi ningeongeza jambo moja dogo. Leo mwanachama anaweza kutazama michango yake kwa simu. Haoni michango hiyo imewekwa wapi na kila mradi umeleta faida gani mwaka huu. Apelekewe na hilo, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Mfuko ni wake.

Na kwa mashirika mengine ya umma, walau upepo umeanza kubadilika. Kuna Siku ya Gawio, ambapo mashirika huenda Ikulu kukabidhi kwa Rais gawio na michango yao. Juni 2025 zilikabidhiwa zaidi ya shilingi trilioni 1, zikiwa zimeongezeka kutoka bilioni 637 za mwaka uliotangulia. Ni hatua. Weka kando yake tarakimu ya pili: mitaji ya umma iliyokuwa imewekezwa huko wakati huo ilikuwa kiasi cha trilioni 86. Si mashirika yote yaliundwa kufanya biashara, hospitali haidaiwi gawio. Lakini yale ya biashara ni halali kuyauliza, na sisi wa huku tunayo sababu ya ziada. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani linapita chini ya ardhi ya Handeni na Korogwe, na Tanzania kupitia TPDC ina asilimia 15 ya hisa zake. Wapo majirani zetu ambao mashamba yao yaliguswa. Siku gawio la hisa hizo litakapoanza kuja, liwe jambo linalosomwa hadharani.

Msikilizaji, turudi nyumbani, kwenye mkonge, maana mkonge umetufundisha kwa gharama kubwa kuliko zao lolote. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000, ikaongoza duniani, na Korogwe ilikuwa katikati ya utajiri huo. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Kuanzia hapo mashamba yale yakawa uwekezaji wa umma, wangu na wako. Bei ya dunia ilianguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, hilo hakuna waziri angelizuia. Lakini korona, mashine za kuchakata mkonge, zilizoachwa bila vipuri, mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, mafundi waliokosa mishahara, hayo hayakuletwa na bei ya dunia. Kufika miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa chini ya tani 30,000. Mwaka 1998 mashamba na mali yakabinafsishwa. Ikapita miaka. Mwaka 2020 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akafika Tanga kufuatilia mkonge, na baada ya hapo baadhi ya mali, likiwamo jengo la Mkonge House, zikarudi mikononi mwa Bodi ya Mkonge. Hesabu mwenyewe: kutoka 1998 hadi 2020 ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mauzo alikuwa mtu mzima mwenye kadi ya kura siku swali lilipoulizwa kwa sauti.

Leo wakulima wa Magunga, Mwelya, Ngombezi, Hale na Magoma wana vyama vyao vya ushirika, AMCOS. Nenda ukasimame karibu na korona siku ya kazi uone uwekezaji unavyofanya kazi au unavyokwama. Trekta linashusha matita ya majani mabichi, majani yanaingia mashineni yakisagwa na kuoshwa, upande wa pili singa zinatoka zikidondosha maji, zinabebwa kwenda kuanikwa kwenye kamba. Kati ya kilo 100 za majani, singa haizidi kilo chache. Na jani likishakatwa halisubiri: siku mbili zikipita limekauka, singa yake imeharibika. Kwa hiyo korona ikilala kwa kukosa kipuri cha bei ndogo, mkulima aliyekata eneo lake lote anapoteza alichokilea miaka mitatu. Mkulima huyu anaijua hasara hiyo jioni ileile. Ripoti itaijua lini?

Sasa niingie kwenye fedha iliyo karibu zaidi na wewe, nami nitakaa hapa kwa muda. Ni ile mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu 2018 ni takwa la sheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Sisi tuna halmashauri nne: Mji Handeni, Wilaya ya Handeni, Mji Korogwe na Wilaya ya Korogwe. Mapato ya ndani ni yapi? Ni ule ushuru wa gunia la mahindi linalotoka, ushuru wa machungwa ya Kabuku, ushuru wa mnada wa ng'ombe, ushuru anaotozwa mama wa nyanya sokoni Manundu. Kwa hiyo mama wa nyanya amewekeza kwa jirani yake. Hajui, lakini amewekeza. Na uwekezaji huu uliumbwa uzunguke: kikundi kikirejesha, kinachofuata kinakopa. Kisiporejesha, mzunguko unakatika na anayeumia ni yule aliyekuwa kwenye foleni.

Aprili 2023 ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2021/22 ilionyesha kwamba nchi nzima zaidi ya shilingi bilioni 88 za mikopo hii hazikuwa zimerejeshwa. Vilitajwa vikundi hewa, vikundi vilivyovunjika, vikundi vilivyoacha biashara viliyoiombea fedha. Mwezi huohuo Waziri Mkuu akatangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo ili utaratibu upangwe upya. Ilirejea katika mwaka wa fedha wa 2024/25, ikiwa na kanuni mpya na kamati mpya za uhakiki, na halmashauri kumi zikateuliwa kujaribu kuipitisha benki. Mojawapo ni majirani zetu wa Bumbuli.

Sina shaka kwamba kusitisha kulihitajika. Lakini tumfikirie mtu mmoja. Mfikirie mwanamke wa kikundi cha ushonaji hapa Chanika, kikundi kilichorejesha mpaka shilingi ya mwisho mapema 2023, kikaomba mkopo wa pili ili kinunue cherehani za umeme. Kikajibiwa: mikopo imesitishwa. Kikasubiri zaidi ya mwaka. Kosa lake ni lipi? Hilo ndilo linaloniuma katika usimamizi unaochelewa: ukaguzi ukifika mapema unamgusa mkosaji, anaitwa, anarejesha, yanaisha. Ukifika baada ya miaka, mkosaji ameshajichanganya na watu wema, na rungu linashuka kwa wote.

Na kwa nini tatizo la marejesho halikuonekana mapema? Kwa sababu waliokuwa wanaona hawakupewa karatasi. Jirani anajua kama kikundi kilichokopa kwa ajili ya kufuga kuku kina kuku. Anapita mbele ya lile banda kila siku akienda shamba. Anajua kama pikipiki ya kikundi cha vijana inafanya kazi ya kikundi au imekuwa ya mtoto wa mtu fulani. Asichokijua ni kwamba banda lile na pikipiki ile vinatokana na ushuru wake. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anajua, lakini ana vijiji vingi, na mara nyingi hana usafiri. Orodha ya vikundi iko kwenye faili, faili liko kabatini, kabati liko makao makuu ya halmashauri.

Liko pia jambo la kalenda ya biashara yenyewe. Marejesho huanza baada ya miezi michache tu. Kijana wa Magoma akitaka kupanda mkonge, atavuna mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Hawezi kuuomba mkopo huu kwa zao lililojenga wilaya yake. Ataomba wa bodaboda, kwa sababu bodaboda inaanza kuingiza fedha kesho yake. Ndiyo maana tunajaza bodaboda stendi na mashamba yanabaki vichaka. Anayepitisha maombi angekuwa na afisa ugani mezani, na kanuni zingemruhusu kupanga marejesho kwa msimu wa zao, fedha ileile ingefanya kazi nyingine kabisa. Kusimamia uwekezaji kunaanza hapo, kwenye kuchagua, kabla hata hundi haijaandikwa.

Kuna mahali ambapo tumeshajaribu jicho la karibu na limefanya kazi. Madarasa na vituo vingi vya afya vya miaka ya karibuni vimejengwa kwa utaratibu wa force akaunti, mafundi wa kwetu, vifaa vikinunuliwa na kamati zinazotokana na wananchi wenyewe: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Kaa na mjumbe wa kamati ya mapokezi siku lori linapofika. Anahesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja inaposhushwa. Anapima nondo, kwa sababu makadirio yanasema milimita 12 na amewahi kuletewa za milimita 10. Anaandika kwenye daftari la mistari, anasaini, dereva anasaini. Mama huyu hana shahada ya uhasibu. Ana mtoto atakayekaa chini ya paa lile. Nondo nyembamba anaikamata asubuhi ileile, ikiwa bado juu ya lori, na inarudi ilikotoka bila ripoti, bila tume, bila kusubiri Aprili.

Sitaki kulipamba jicho hili. Kamati nazo huweza kujazwa ndugu wa mwenyekiti. Wapo wajumbe waliosaini bila kuhesabu kwa kuogopa mtendaji, wapo waliopozwa kwa mfuko mmoja wa saruji. Na mkataba wa mradi wa maji wenye kurasa mia kadhaa, ulioandikwa kwa lugha ya kigeni, hauwezi kupimwa kwa daftari la mistari. Kwa hiyo CAG abaki, PIC ibaki, TAKUKURU iendelee na mpango wake wa TAKUKURU Rafiki wa kukaa na wananchi kwenye miradi. Ninachodai ni kwamba jicho la karibu lisife siku ya uzinduzi. Maana sasa ndivyo ilivyo: utepe ukikatwa, kamati inavunjika, daftari linapotea, na jengo linabaki bila mtu wa kuliandikia. Nani anaandika siku pampu iliposimama? Nani anaandika siku ngapi zahanati ilikaa bila dawa? Daftari lilelile lingeendelea, kwa mwandiko uleule, lingekuwa shahidi bora kuliko mkaguzi yeyote atakayekuja baada ya miaka miwili.

Sheria haitunyimi nafasi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi yasomwe. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka, na mkutano wake ni wa wazi: mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa na kusikiliza. Viti vya wananchi mara nyingi viko vitupu. Na sisi wa redio tuna lawama, maana tunakwenda siku ya mgeni rasmi na hatuendi siku ya kusomwa kwa taarifa za robo mwaka.

Basi nimalizie kwa ombi, nalielekeza kwa wakurugenzi wa halmashauri zetu nne na kwa kila diwani anayenisikiliza. Kila robo mwaka, katika ofisi ya kila kata, bandikeni karatasi moja ya mikopo ya asilimia 10. Iwe na jina la kikundi, kijiji au mtaa kilipo, biashara kiliyoombea, kiasi kilichopewa, tarehe, kiasi kilichorejeshwa na kilichobaki. Jina la kikundi linatosha, majina ya wanachama si lazima yabandikwe. Chini yake iwekwe namba ya simu ya mkaguzi wa ndani wa halmashauri, ili anayepita akaona kikundi cha kuku kisichokuwa na kuku ajue pa kupiga. Na wewe msikilizaji, kikao cha baraza cha robo hii kikifika, mpigie diwani wako kabla hajaingia ukumbini, umuulize karatasi ya kata yako itabandikwa tarehe ngapi.